Usilifungue hilo faili kabla hujawasikiliza wachezaji

Mkuu, funga hilo faili. Lifunge sasa hivi, soma hapa kwanza.

Umesema gemu masta wenu, yaani anayeendesha mchezo wenu wa kuigiza mashujaa mezani, anahama, kampeni (hadithi moja mnayoicheza kikao baada ya kikao) ina miaka miwili, wachezaji watano, amekuachia faili lenye maelezo yote, na wewe unapanga kulimeza lote wikiendi hii ili Jumamosi ijayo uendelee pale alipoishia. Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Ni mimi huyo wa miaka minne iliyopita, herufi kwa herufi.

Mimi nilikabidhiwa daftari. Kurasa 64, mwandiko mzuri, na kauli moja: "Kila kitu kimo humu." Kila kitu! Kurasa 11 za mwanzo ni wafalme waliokufa kabla kampeni haijaanza. Kuna ukurasa mzima wa ushuru wa mvinyo. Ushuru wa mvinyo, mkuu, na nikaukariri.

Sasa ukurasa wa 40 una sentensi iliyopigiwa mstari mara mbili: Mzee Tindo, mhunzi, ndiye anayewauza mashujaa wa wachezaji kwa adui. Nikafurahi kama nimeokota dhahabu. Nikasema hii nawatolea siku ya kwanza, wajue meza imepata mwenyewe.

Kikao changu cha kwanza, saa ya pili, nikamtoa Tindo gizani na barua za adui mkononi. Nikanyamaza, nasubiri watu waruke. Hawakuruka. Dada anayecheza kasisi akaniuliza taratibu, "Tindo yupi?" Nikasema huyu huyu mhunzi. Akafungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaligeuza upande wangu nisome. Miezi minane kabla walishamweka Tindo kwenye duara la ukweli. Kama mnacheza Dungeons & Dragons unaujua ule uchawi: aliyeshindwa kuupinga anaweza kukwepa swali, lakini uongo wa makusudi haumtoki, na kasisi mwenyewe anajua nani umemnasa na nani ameponyoka. Tindo ulimnasa. Akaulizwa kama amewahi kuwauza, akajibu hajawahi. Tangu siku hiyo shujaa wa mchezaji mmoja akamwachia mwanawe amlelee.

Hapo mtu mwenye akili angesema samahani, nimekosea, turudi nyuma kidogo. Mimi nikasema Tindo ana pacha.

Pacha! Mpaka leo nalicheka hilo peke yangu, maana nikiacha kucheka itabidi nione aibu upya. Yule mwenye mtoto akaanza kurudisha dadu zake kwenye mfuko, moja moja, ile ya pande 20 ikawa ya mwisho. Hakugomba. Wiki iliyofuata hakuja, na kasisi naye akapata "majukumu". Watu watano wakabaki watatu, na hao watatu wakawa wanaandika kila neno langu kama makarani wa mahakama.

Nikampigia mwenye daftari. Unajua alisemaje? "Aa, Tindo! Ile niliibadilisha palepale mezani, walimpenda sana. Nikasahau kuandika." Akasahau kuandika! Ushuru wa mvinyo aliukumbuka. Na msinidanganye kwamba wenu ni tofauti. Wanaandika walichopanga, kilichotokea wanabaki nacho kichwani, na wakihama wanahama nacho.

Kwa hiyo mimi nina sheria moja: kilichosemwa mezani ndicho kilichotokea, na wanaokijua ni wachezaji. Kikao chako cha kwanza hamtupi dadu hata moja. Waulize mmoja mmoja wanamwamini nani, nani ana deni lao, waliahidiwa nini, kitu gani wamekuwa wakikisubiri muda wote huu. Wewe andika tu. Wakipishana, waache wabishane wenyewe, usiamue. Ukiona watu wawili wazima wanakatana maneno kuhusu mwenye nyumba ya wageni ambaye faili limempa mstari mmoja, mtie nyota huyo, ndiye kampeni yenu. Halafu, na nimesema halafu, ndipo ufungue faili. Kila linapogombana na walichokwambia, linalofutwa ni faili. Zitabaki siri ambazo hazijawahi kutajwa mezani, hizo chukua, ni zako, zifanye utakavyo.

Na ukikosea bado, maana utakosea, sema umekosea. Usizae pacha.

Umeuliza pia mtumie toleo gani la kitabu cha sheria za mchezo, la 2014 au la 2024? Bakini na hilo mnalolitumia. Ukibadilisha sheria wiki ileile mliyobadilisha mwendeshaji, kila kitakachowaudhi kwenye kitabu watakulaumu wewe.

Uliuliza na mengine, sauti za wahusika sijui na nini. Wahusika wangu wote huongea kama mimi nikiwa na mafua, na hakuna aliyewahi kuondoka kwa ajili ya hilo.