Maji Hayavutwi, Husukumwa: Kwa Wanaoanza Kazi ya Mifereji

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii hapa Kisumu, kabla ya kushika spana shikeni jambo moja: maji hayavutwi, husukumwa. Yakitembea, tafuta kinachoyasukuma. Yakikataa, tafuta kinachoyamaliza nguvu.

Msukumo wa kwanza ni kimo. Kila mita 10 za kimo huleta takriban baa 1 ya presha. Ukubwa wa tangi hauongezi kitu. Tangi la lita 10,000 na la lita 500, uso wa maji ukiwa kimo kimoja, hutoa presha ile ile mfereji ukiwa umefungwa. Wenye nyumba wengi hawaliamini hili. Hununua tangi kubwa, wakaliweka chini, kisha bafu ikadondosha matone. Waambie kwa heshima kabla pesa haijatoka. Maji ya Kajulu hushuka mjini kwa mteremko tu, ilhali ya ziwani pale Dunga sharti yapandishwe kwa pampu.

Sasa visima, maana hapa ndipo nimeona watu wakipoteza pesa nyingi zaidi. Mama mmoja upande wa Nyahera aliniita akaniambia, "Fundi, nimebadilisha pampu mara mbili, hii ni ya tatu, na bado." Pampu ilikaa juu, mdomoni mwa kisima. Nilishusha kamba yenye jiwe nikapima: mita 11 hadi kwenye maji. Nikamwambia, "Mama, pampu zako zote ni nzima."

Pampu ya juu huondoa hewa ndani ya bomba, basi. Kinachoyapandisha maji ni uzito wa hewa ya nje unaokandamiza uso wa maji kisimani. Mombasa, usawa wa bahari, hewa hiyo ina nguvu ya kuyasukuma hadi mita 10 hivi. Sisi tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kikomo ni kama mita 9; Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ni 8 na kidogo. Hizo ni hesabu za bomba lisilovuja hata chembe. Kazini msitegemee zaidi ya mita 6 au 7. Hata ungeleta pampu yenye nguvu ya trekta, mita 11 haifiki. Yule mama alihitaji pampu ya kuzamisha, inayosukuma kutoka chini.

Baada ya kimo na hewa, jueni msuguano. Maji yanayogusa ukuta wa bomba hayasogei; ya katikati ndiyo yanayokimbia. Ndiyo maana bomba la inchi moja, kwa msukumo ule ule, hupitisha zaidi ya mara tano ya linalopitishwa na la nusu inchi, si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Tena, mwendo wa maji ukiongezeka maradufu, nguvu inayopotea huwa karibu mara nne. Kwa hiyo msisome geji mifereji ikiwa imefungwa mkaridhika. Maji yaliyotulia hayapotezi nguvu kwa msuguano, na geji itaonyesha presha nzuri hata bomba likiwa jembamba mno. Fungua mfereji wa mbali kabisa, kisha soma.

Na koki za kugeuza, zifungeni polepole. Maji mengi yanayokimbia yakizuiwa ghafla hupiga bomba kama nyundo, na viungio huachia.

Jambo la mwisho ni hewa iliyonaswa. Boma moja kwenye mteremko wa Kajulu lilikuwa na tangi lililojaa, bomba jipya, na mifereji mikavu. Waliochimba mtaro walifuata mgongo wa kilima badala ya kuuzunguka, na hewa ilikuwa imejikusanya pale juu, ikiyazuia maji. Nililegeza kiungio kwenye mgongo ule. Hewa ilifoka kwa dakika nzima, yakatoka maji mekundu ya udongo, kisha masafi. Kukaza tena na kuondoka hakutoshi, kwa sababu hewa hurudi kila tangi linapokauka. Wekeni valvu ya kutolea hewa pale pale, sehemu ya juu kabisa, kabla mtaro haujafukiwa.