Nepi za kitambaa ndani ya basi, na swala ya mama msafiri

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nina mtoto wa kiume wa miezi mitano. Ananyonya, na usiku hupewa maziwa ya kopo. Namvalisha nepi za kitambaa kwa sababu pampers zinamtoa vipele na bei yake siimudu. Mara ya mwisho nilisafiri naye kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, nepi chafu zikalowesha kanga zangu kwenye mkoba. Nikajiona mimi na mtoto wote najisi, nikaacha swala za siku ile nikazilipa nilipofika. Nilifanya sawa? Na nepi hizi nizifueje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Allah akukuzie mwanao katika kheri.

Kuzilipa umefanya vyema. Kuziacha mpaka wakati wake ukapita, hapana. Leta toba na usirudie tena. Kugusa nepi chafu hakuvunji udhu, wala hakumfanyi mama kuwa najisi. Sharti ni kwamba wakati wa kuswali mwili wako, nguo zako na mahali unaposwalia pawe twahara, na hilo linawezekana hata safarini. Nitakujibu kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu huku ndiyo tunayoyafuata.

Ummu Qays bint Mihsan (R.A) alimpeleka kwa Mtume (S.A.W) mwanawe mdogo wa kiume ambaye alikuwa hajaanza kula chakula. Mtume akamweka mapajani, mtoto akamkojolea nguoni. Akaagiza maji, akayanyunyizia pale, wala hakuifua nguo. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Wanachuoni wakaifahamu kuwa ni ruhusa ya mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili, ambaye chakula chake ni maziwa tu. Maziwa ya kopo nayo ni maziwa, hayabadilishi hukumu. Wala tende aliyolambishwa alipozaliwa, wala dawa. Akianza kulishwa uji, ruhusa imekwisha. Basi zile kanga zako, kama zililowa mkojo mtupu, ilitosha kuzikamua na kuzinyunyizia maji yakaenea pote palipolowa. Choo chake hakimo katika wepesi huu, na mkojo wa mtoto wa kike huoshwa.

Kwenye kufua ndipo akina mama wengi wanapokosea, nami naomba ulisome hili taratibu. Kosa lenyewe ni hili: nepi zenye choo hutumbukizwa zote kwenye ndoo ya maji, zikafikichwa humo humo, zikakamuliwa, zikaanikwa. Maji yasiyofika kipimo kiitwacho kula mbili (qullatayn), yaani kama lita 200 hivi, yakiingiwa na najisi hunajisika yote hata kama hayakubadilika rangi. Ndoo yako ina lita 20, kwa hiyo kila nepi iliyotoka humo imetoka na najisi, hata ikinukia sabuni. Badala yake, kung'uta choo chooni kwanza. Kisha shika nepi juu, chini ya bomba au mtu akumiminie kwa kata, maji yaijie nepi na yachuruzike yaende zake, huku unaisugua mpaka rangi na harufu viondoke. Doa likigoma baada ya sabuni na kusugua, limesamehewa. Nepi ikishatwaharika hivyo, iloweke kwenye ndoo upendavyo. Na jua halitwaharishi: nepi ya mkojo iliyokaukia kwenye kamba bado ni najisi, ila kama haikubaki rangi wala harufu, kuimiminia maji mara moja yakaenea kunatosha.

Njiani huna haja ya kufua. Chukua nepi za kutosha, na zilizochafuka zitie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na hii mbadala hupitisha majimaji, ndiyo maana mkoba hulowa. Najisi huhama kwa unyevu. Kikavu kikigusana na kikavu hakuna kinachonajisika. Kanga ya kuswalia iweke mbali kabisa na kopo hilo. Ukiingiwa na wasiwasi tu bila kuona wala kunusa kitu, ni twahara, kwa sababu yakini haiondolewi na shaka.

Safari yako inazidi kilomita 1,000, kwa hiyo una ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Basi likisimama kwa chakula baada ya Adhuhuri kuingia, swali Adhuhuri rakaa mbili, ufuatishe Alasiri rakaa mbili. Likipitiliza, nuia kabla wakati wa Adhuhuri haujatoka kwamba utaikusanya na Alasiri. Magharibi na Isha ni hivyo hivyo, ila Magharibi inabaki tatu. Mwambie kondakta asubuhi, kabla hamjaondoka.

Mbadilishe mtoto kwanza, ndipo utawadhe, kwa kuwa kwetu Mashafi kiganja kikigusa utupu, hata wa mtoto mchanga, udhu umevunjika. Tishu zenye unyevu huondoa uchafu lakini hazitwaharishi, basi beba chupa ya maji ya kumwosha. Ukijua nepi yake ina mkojo usiswali umembeba. Mlaze kando yako au mpe mama mliyekaa naye siti moja. Akiwa ameoshwa na kuvalishwa nepi safi, mbebe bila wasiwasi. Mtume (S.A.W) aliswalisha watu akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumwinua anaposimama. Na baba wa mtoto akiwemo safarini, ampokee mwanawe mama aswali. Jambo alilolifanya Mtume mbele ya maamuma wake haliwezi kuwa aibu kwa mwanamume.

Jambo la mwisho ni basi linaposimama porini watu wachimbe dawa. Mtume (S.A.W) ametuonya na mambo mawili yanayoleta laana: kujisaidia katika njia ya watu au katika kivuli chao. Kukung'uta nepi chini ya mti wanapopumzikia wapita njia, au kutupa pampers dirishani, kunaingia humo humo. Funga kopo lako, ukazikung'utie nepi chooni utakapofika.

Wallahu a'lam.