Ejenti haoni msimbo wako, anaona maelezo tu

Nyinyi mnaoanza kazi ya kutengenezea ejenti wa AI zana za kutumia, yaani fankisheni za msimbo anazoita ili afanye kazi kama kuweka oda, wacha niwaambie kitu kilichonitoa jasho hapa Kisumu. Nilikuwa naundia duka moja la pembejeo huku Kondele ejenti wa kupokea oda za WhatsApp, na msimbo wangu nilikuwa nimeupima mpaka nikachoka, hauna shida, lakini ejenti mwenyewe alikuwa anafanya vituko. Mteja anaandika "niletee mbolea kesho saa mbili", jamaa anaweka oda ya saa nane usiku! Mtu wa boda akanipigia kuuliza kama ni mimi nimerukwa na akili ama ni simu yake. Nikalaumu modeli, ule ubongo wa AI ulio ndani ya ejenti, nikabadilisha modeli, kituko kile kile.

Kumbe shida ni mimi. Zana ya kuweka oda ina parameta ya saa ya kupeleka mzigo (parameta ni nafasi ambayo modeli inajaza), na kwa maelezo yake nilikuwa nimeandika neno moja tu, "saa". Modeli ikaona mbili, ikaandika 02:00, na msimbo ukapokea juu 02:00 ni saa halali kabisa. Na hapo ndipo nilielewa hii kitu inavyofanya kazi: modeli haifungui faili zako ikasoma ulichoandika ndani ya fankisheni, inapewa jina la zana, maelezo yake na orodha ya parameta, basi. Hata ukitumia MCP, ile itifaki ya kuunganisha modeli na zana ambayo kampuni ya AI ya Anthropic walitoa Novemba 2024, bado ni hayo hayo yanayofika kwa modeli. Ni kama kumtuma sokoni Kibuye mgeni ambaye hajawahi kukanyaga Kisumu, na umempa kikaratasi kimeandikwa "samaki". Akirudi na omena na wewe ulitaka ngege, utamgombeza kwa lipi?

Sasa maelezo yangu yako hivi: "Saa ya kupeleka mzigo, mfumo wa saa 24 (mfano 08:00), saa za Afrika Mashariki. Wateja wanahesabu saa za Kiswahili: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa kumi jioni ni 16:00. Duka linapeleka mizigo kati ya 08:00 na 18:00 pekee, kwa hivyo mteja asiposema asubuhi au usiku chukua ile iliyo ndani ya muda huo." Mwanzoni nilikuwa nimeandika amuulize mteja kila mara, ikawa kero, mtu anataka mbolea si interviu. Na bado nikaweka ukaguzi kwa msimbo, 02:00 ikiingia inakataliwa na ujumbe unaosema kwa nini na ajaribu vipi, si ile "kosa 400" kavu, namba tu ya kusema ombi lina makosa, ambayo ejenti anairudia mara tano kama santuri mbovu. Ujumbe wa kosa pia ni maelezo, wengi wanasahau hapo.

Vipimo navyo ni balaa. Nilikuwa na parameta inaitwa "kiasi", namba tu. Mama ameagiza gorogoro tatu za chakula cha kuku, ejenti akaandika 3, stoo wakapima kilo tatu, na gorogoro kila mtu anajua inakaribia kilo mbili. Nikagawanya: "kiasi" ikabaki namba, nikaongeza "kipimo" yenye majibu matatu tu ya kuchagua, kilo, gorogoro au gunia, halafu hesabu nikaachia msimbo. Usiombe modeli ipige hesabu ambayo mistari miwili ya msimbo inaimaliza. Namba ya simu vilevile, watu wanaandika 07 na 01 na wengine wanaweka alama ya kujumlisha, na Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha msimbo wako na M-Pesa, inataka ianze na 254, sasa nishughulishe modeli na hiyo ya nini, nasafisha mwenyewe kwa msimbo.

Halafu usiwe na zana mbili zinazofanana. Nilikuwa na tafuta_bidhaa na angalia_stoki, zote maelezo yake ni "inatafuta bidhaa", na ejenti alikuwa anachagua ni kama anarusha shilingi. Niliziunganisha. Kama lazima ziwe mbili, kila moja iseme itumike lini na lini isitumike, na hiyo ya pili naona ina nguvu kuliko watu wanavyodhani, mfano "usitumie hii kwa oda ambayo tayari imelipiwa". Lakini pia msiandike insha, maelezo yote yanasomwa na modeli kila inapoitwa, na tokeni, vile vipande vya maandishi unavyolipia, ni pesa.

Kupima nako, msijitungie maswali mazuri ya Kiswahili sanifu. Niliomba mwenye duka jumbe thelathini za kweli, tukafuta majina na namba, zingine nusu Kijaluo nusu Kiswahili, hazina nukta wala koma, nikazipitisha zote nikiangalia kwa logi (rekodi ya kila hatua) ejenti ameita zana gani na ameweka nini ndani. Nikibadilisha hata sentensi moja ya maelezo napitisha zote thelathini tena, juu kuna siku nilirekebisha ya gunia nikaharibu ya gorogoro bila kujua. Na ya kwanza kwa hiyo orodha mpaka leo ni ile ya kesho saa mbili.