Opali kwenye tambla? Subiri kwanza

SWALI: Habari fundi. Mimi natengeneza bangili na hereni hapa Nairobi, niko na tambla ndogo ya kuzungusha, ile mashine ya pipa inayong'arisha mawe, na nimeizoea, mawe ya akiki na yaspa yanatoka poa sana. Sasa shemeji yangu katoka Addis Ababa kaniletea kipakiti cha opali ghafi, vidogo vidogo, vingine vyeupe tu, vingine ukivigeuza kwenye jua vinawaka rangi zote. Naeza vitia ndani pamoja na akiki vizunguke vyote mara moja ama nitaviharibu? Na tanzanaiti je? – Msomaji, Ngara

JIBU: Salama dada. Usivitie, na hivyo vinavyowaka ndio usithubutu kabisa.

Akiki ugumu wake kwa kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, ni 6.5 hadi 7, opali iko kama 5 mpaka 6.5, halafu ule unga mweusi wa kusagia wa hatua ya kwanza, silikoni kabaidi, unapita 9. Vikizunguka pamoja wiki nzima akiki na unga vinaisaga opali, utafungua pipa ukute akiki zimeanza kupendeza na opali zimebaki punje, nyingine zimeishia kwenye tope hata huzioni.

Halafu kuna hili la maji. Opali ya Ethiopia, hasa ya Wegel Tena kule Wollo ambayo ilivuma kuanzia 2008, nyingi inanyonya maji kama sifongo. Kuitambua ni rahisi, chukua kipande kikavu ukiguse na ncha ya ulimi, kikinata ndio hiyo. Ukiilowesha inakuwa kama kioo na rangi zinapotea, watu wanapata presha bure maana ikikauka zinarudi, ila iache ikauke taratibu yenyewe, mambo ya kuianika juani au kuipuliza na drai sio, itapasuka. Sasa kwenye tambla hainyonyi maji masafi, inanyonya tope, na uchafu ukishaingia kwenye vitundu vile kuutoa ni kazi kwelikweli, unabaki na jiwe la rangi ya chai ya rangi.

Hivyo vyeupe visivyowaka, kama ulimi haunati, unaweza kujaribu. Vimulike kwanza na tochi, chenye ufa toa. Weka opali peke yake, hatua za unga mkali ruka, anzia unga laini wa namba 500, jaza pipa kama robo tatu na humo changanya punje za plastiki za kutosha ili mawe yasigongane, kila siku fungua uangalie. Ukimaliza hatua osha mawe na pipa mpaka basi, punje moja ya unga wa nyuma ikibaki itakuchorea yote, ndio umalizie na serium oksaidi, ule unga wa kung'arishia. Ukiweza kuazima tambla ya kutetemesha ni bora zaidi, haiangushi mawe kama hiyo yako.

Vinavyowaka fanya kwa mkono. Mara nyingine rangi imekaa kwenye tabaka jembamba tu upande mmoja na mashine haijui iko wapi, wewe unaiona, unasugua mpaka inafunguka unaacha hapo hapo. Kigandishe kwenye kijiti kwa gundi ya kawaida, nta ya moto hapana kwa sababu opali na joto haviivani, pitisha msasa wa maji 600, 1200, 2000 na maji masafi, malizia na serium kwenye kipande cha ngozi. Usisugue kavu, vumbi lake ni baya kwa mapafu, na barakoa vaa tu.

Tanzanaiti ni 6 hadi 7 lakini ina upande mmoja inaopasukia kirahisi mno, ikigonga vibaya inakatika bapa. Zile chafu za bei ya kutupa watu wanazitambla za shanga, ila kama unayo safi ya Mererani mpelekee mkataji.

Na lile tope usimwage kwenye sinki dada, linaganda ndani ya bomba utaita fundi mwingine.