Je, nigeukie zao lililopanda bei?

SWALI: Ndugu Mhariri, nalima mahindi na nyanya kwa ajili ya kuuza. Msimu uliopita bei ya vitunguu ilipanda sana, na majirani zangu wengi sasa wanajiandaa kuvilima. Je, niache nyanya? Pia, mahindi niyauze mara baada ya kuvuna au nisubiri bei ipande, ilhali nina mkopo wa pembejeo wenye riba?

JIBU: Ndugu msomaji, hayo uliyoyasema kuhusu majirani yanatosha kukutahadharisha. Bei ya msimu uliopita ilipandishwa na uhaba wa wakati ule. Wakulima wengi wakiikimbilia kwa pamoja, mavuno yao hufika sokoni kwa wakati mmoja, bei huporomoka, wengi huliacha zao hilo, na uhaba hurejea. Wanauchumi wameuchambua mzunguko huu tangu miaka ya 1930, nao ungali unawanasa wakulima.

Kabla ya kuhama, tafuta kilo moja ya nyanya zako inakugharimu kiasi gani hadi kumfikia mnunuzi. Jumlisha mbegu, mbolea, dawa, maji, vibarua, vifungashio na usafiri, pamoja na kazi ya familia, ambayo wengi huichukulia kuwa ya bure, kisha gawanya kwa kilo ulizouza, si ulizovuna, kwa kuwa zilizooza njiani nazo zilitumia mbolea. Bila hesabu hiyo huwezi kujua kama bei ya leo inakupa faida au hasara, na vitunguu navyo vinastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Ukiona vinafaa, anza na sehemu ndogo ya shamba, na ikiwa una maji ya kumwagilia, panda kwa tarehe itakayokuwezesha kuvuna wakati wenzako hawana kitu.

Kuhusu mahindi, kuhifadhi ni biashara ya pili yenye gharama zake. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi asilimia 13 hubaki takriban kilo 94, na hapo hujahesabu riba, mifuko isiyopitisha hewa wala yatakayoliwa na wadudu. Kukausha hakukwepeki, maana mahindi mabichi ghalani huota ukungu na yanaweza kupata sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, ambayo haiondoki kwa kuyaanika baadaye. Binafsi ningeuza mapema kiasi cha kumaliza mkopo, kisha yaliyobaki ningeyatoa kwa mafungu, kwani hakuna awezaye kuikisia siku ambayo bei itafika kileleni.

Nyanya hazisubiri, hivyo mnunuzi atafutwe kabla ya kupanda. Akikuletea mkataba, usiishie kwenye bei: soma ni nani anayeamua daraja la ubora, mzigo ukikataliwa hasara ni ya nani, na malipo hufanyika siku ngapi baada ya kupokelewa. Mnunuzi anayelipa papo hapo kwa bei ya chini kidogo huenda akakufaa zaidi kuliko yule wa bei nzuri anayekucheleweshea fedha wakati mkopo wako unaendelea kuzaa riba.