Diclofenac ya magoti na figo za mama: swali kutoka Likoni

Dada mmoja wa Likoni ameniandikia hivi: "Mamangu ana miaka 64, ana presha na sukari, anatumia losartan na metformin. Magoti yamuuma basi hununua diclofenac ya 50 kemisti, moja asubuhi moja usiku, sasa ni miezi minne. Katikati hapo presha ikapanda, kliniki wakamuongezea ya maji, hydrochlorothiazide. Juzi alipomaliza kufunga sita za Shawwal tukampima, kreatinini imetoka 78 hadi 149, potasiamu 5.7. Ni sukari ishaingia kwa figo? Tumbadilishie Brufen?"

Shukran dadangu kwa kuleta namba, wengi huniandikia tu "figo zina shida" halafu nianze kubahatisha.

Sukari huharibu figo kweli lakini polepole, miaka na miaka, kreatinini (taka ya damu ambayo hupanda figo zikishindwa kuchuja) kukaribia kudabo ndani ya miezi minne mie siilaumu sukari kwanza. Naishuku diclofenac, tena haiko peke yake. Figo huchuja damu ikiingia na presha ya kutosha, na mshipa wa kuingizia huwekwa wazi na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, hasa mtu akiwa hana maji ya kutosha. Diclofenac yazuia hizo prostaglandini zisitengenezwe, ndo maumivu yanapoa, na ndo mshipa huo unajibana. Losartan nayo yalegeza mshipa wa kutolea. Sasa bana mfereji wa kuingilia, fungua wa kutokea, chujio hapo katikati litapata presha wapi? Kisha ongeza tembe ya maji anayomeza daku, akojoe asubuhi nzima na hili joto letu, asiguse maji mpaka magharibi.

Na hapa ndo paniudhipo. Diclofenac hufanya mwili ushike chumvi na maji, kwa hivyo presha yenyewe yaweza kuwa ilipandishwa na hiyo hiyo dawa ya magoti, kliniki hawakujua manake mama akiulizwa "unatumia dawa gani" hutaja za presha na sukari tu, ya maumivu haihesabu kuwa dawa. Wakaongeza ya maji kutibu presha, na hapo ndo wakakutana watatu wasiofaa kukaa pamoja.

Potasiamu ndo yanitia wasiwasi zaidi. Kawaida mwisho ni kama 5, na hydrochlorothiazide huishusha, lakini mama bado yuko 5.7, ndo ujue figo haitoi. Ikizidi sana moyo hupiga ovyo. Kwa hivyo madafu simamisheni kabisa, najua huku kwetu mtu akisikia figo akimbilia dafu "lisafishe", lakini dafu limejaa potasiamu, kwake yeye saa hii ni sumu.

Brufen hapana. Ni familia moja, sawa na naproxen, meloxicam na celecoxib, hii ya mwisho yaonea tumbo huruma lakini figo haina huruma nazo. Sindano pia ni ile ile. Na omeprazole ambayo wengi hupewa pamoja na dawa hizi yalinda tumbo tu.

Diclofenac aache leo. Kliniki msingoje tarehe ya kadi, nendeni leo au kesho na karatasi ya maabara pamoja na pakiti za dawa zote, daktari aangalie moyo kwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na arudie damu. Losartan, ya maji na metformin huenda akazisimamisha kwa muda, metformin hutoka kwa figo, zikilegea hujikusanya na damu yaweza kuwa na asidi. Uamuzi huo mwachieni yeye. Akiona moyo waenda mbio, miguu yakosa nguvu, pumzi yabana au mkojo umekauka, ni emajensi, mpelekeni hospitali kuu ya Makadara usiku huo huo.

Magoti mpeni paracetamol, mbili za 500 mara tatu kwa siku, na akiwa na shida ya ini mwambieni daktari kwanza. Jeli ya diclofenac huingia kwenye damu kidogo sana, kama asilimia 6 ya ile ya kumeza, lakini isubiri kreatinini ishuke, na mara nyingi hushuka ndani ya siku kadhaa hadi wiki chache sababu ikiondolewa mapema. Zile tembe za mifukoni zisizo na jina wanazouza "za viungo" msiziguse, nyingine huwa zimetiwa steroidi, mtashangaa sukari imefika 20.