Kwa wanaoanza utafiti wa mwani na bakteria wa tumboni

Wengi huingia kwenye kazi hii wakiwa na jibu tayari: mwani una nyuzinyuzi, kwa hiyo ni prebaiotiki, yaani chakula cha bakteria wa tumboni chenye kumfaidi mwenye utumbo. Naomba uanze na maswali. Ni kitu gani hasa ndani ya mwani huo? Ni bakteria gani wanaokila? Na mwenye utumbo anafaidika nini?

Gibson na Roberfroid walilileta neno prebaiotiki mwaka 1995. Maana iliyokubaliwa na jopo la wanasayansi mwaka 2017 inataka mambo hayo matatu yote yawepo: kitu kinacholiwa, bakteria wanaokitumia kwa kuchagua, na faida ya kiafya. Bakteria kuongezeka ndani ya chupa ya maabara yenye kinyesi na mwani ni dalili nzuri, lakini hujafika.

Kemia usiikimbie. Mwani wa kahawia una alginati, laminarini na fukoidani. Mwekundu una agari, karajinani na pofirani; wa kijani una ulvani. Hizi zote ni sukari za minyororo mirefu, na mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuikata. Zinapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba, zinafika utumbo mpana, na huko bakteria wenye uwezo huzichachusha na kutoa asidi: asetati, propionati na butirati. Hiyo butirati ndiyo nishati kuu ya seli za ukuta wa utumbo mpana.

Nimesema "wenye uwezo" kwa makusudi. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba bakteria wa tumboni aitwaye Bacteroides plebeius, aliyepatikana kwa Wajapani, ana jeni za kuvunja pofirani zilizotoka kwa bakteria wa baharini. Katika sampuli za Wamarekani walizolinganisha nazo, jeni hizo hazikuonekana. Kwangu mimi huu ni kati ya ugunduzi mzuri kuliko yote katika fani yetu, na una maana kubwa kwa kazi yako: mwani uleule unaweza kumlisha bakteria kwa mtu mmoja na kupita bure kwa mwingine. Usichanganye kinyesi cha watu wote kwenye chombo kimoja kisha ukasema umepata jibu la binadamu. Mfuate kila mtoaji peke yake.

Sasa chupa zenyewe. Kinyesi kitoke kwa mtu ambaye hajatumia antibiotiki kwa miezi kadhaa. Fukuza oksijeni, weka nyuzi joto 37, pima gesi, pH (kipimo cha uchachu) na asidi zile tatu mwanzoni, katikati na mwishoni. Saa 24 hadi 48 ndizo za kawaida. Lazima kuwe na chupa isiyo na mwani na nyingine yenye inulini (nyuzinyuzi ambayo tayari inajulikana kuwa prebaiotiki), la sivyo huna cha kulinganishia. Laminarini huchachuka upesi. Alginati ya minyororo mirefu hufanya mchanganyiko uwe mzito na kazi huenda polepole, lakini ukiikata vipande vifupi hali hubadilika. Kwa hiyo pima uzito wa molekuli kabla ya kudai kwamba mwani fulani unashinda mwingine. Pengine unalinganisha urefu wa minyororo tu.

Ukitumia unga wa mwani mzima, uupitishe kwanza kwenye mmeng'enyo wa kuigiza: asidi na pepsini (kimeng'enya cha tumboni kinachovunja protini), kisha vimeng'enya vya kongosho, kisha uondoe molekuli ndogo. Ukiruka hatua hiyo, bakteria watakula protini na sukari ambazo mwilini zingefyonzwa mapema, nawe utausifia mwani kwa kazi isiyo yake.

Kabla ya kumpa mtu yeyote, pima madini joto. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 kwa siku, na gramu moja ya kombu kavu (mwani wa kahawia unaoliwa Japani) inaweza kuzidi hapo mara nyingi. Tezi ya shingo huathirika. Pima arseniki pia, hasa kwenye hijiki, mwani mwingine wa kahawia unaoliwa. Matokeo ya panya yasikuharakishe, maana bakteria wao si wetu.

Wanaojitolea waanze na kiasi kidogo, kwa sababu gesi huwafanya wengine wajitoe. Andika wanachokula kila siku. Wakimaliza kula mwani, endelea kuchukua sampuli, kwa kuwa kwa prebaiotiki nyingi bakteria walioongezeka hupungua tena ulaji unapokoma, na bila sampuli hizo hutajua kama mabadiliko uliyoyaona yalitokana na mwani.